Ubora wa uuguzi: kuachwa na kuonewa sio kitu kimoja

Mjadala wa huduma za manesi ukianza tu watu wanagawanyika pande mbili na hawasikilizani tena. Wapo wanaosema manesi hawana utu, kauli zao chafu, mgonjwa anaita wao wako kwenye simu, kwa hiyo dawa ni kuwasimamia na kuwaadhibu. Na wapo wanaosema, humo wamo manesi wenyewe, kwamba nesi mmoja kaachiwa wodi nzima usiku halafu mnataka atabasamu saa ngapi, ongezeni watu kwanza ndo muongee habari ya kauli. Mi naona pande zote mbili zina ushahidi wa kweli kabisa, shida ni kwamba zinaongelea matatizo mawili tofauti yanayotokea kwenye wodi moja, kwa mikono ya watu waliovaa sare moja. Kuna mgonjwa aliyeachwa na kuna mgonjwa aliyeonewa, na tiba ya mmoja haimfikii mwenzake.

Nianze na kuachwa kwa sababu kunatokea kila siku, hata kwenye hospitali zenye sifa nzuri. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake kule Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000 kutoka hospitali 168, wakakuta kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unakuwa juu kwa asilimia 7. Mwaka 2014 wakatoa matokeo mengine ya nchi 9 za Ulaya, hospitali 300, wagonjwa zaidi ya 420,000, na ikatoka asilimia 7 ile ile. Ukijua kazi ya wodini hilo halikushangazi hata kidogo, maana mgonjwa aliyetoka theatre mara nyingi haanguki ghafla tu, anaanza kupumua haraka haraka, mkojo unapungua, anaongea vitu visivyoeleweka, presha yenyewe inaweza kuwa ya mwisho kushuka na hapo muda mwingi umeshapotea. Na kuhesabu pumzi vizuri inabidi usimame pale kitandani dakika nzima unaangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Nesi mwenye wagonjwa wanne ataipata hiyo dakika. Mwenye thelathini ataandika pumzi 20 kwa kila mtu kwenye chati aendelee na dripu inayofuata, na kila aliyewahi kusoma chati za wodi iliyojaa ameziona hizo 20 zimepangana kuanzia kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho.

Sasa kitu ambacho watu wa upande wa nidhamu wanatakiwa wakitafakari ni hiki. Kwenye utafiti uliohusisha hospitali 488 za nchi 12 za Ulaya, manesi waliulizwa ni kazi gani waliiacha kwenye zamu yao ya mwisho kwa kukosa muda, na iliyoongoza ilikuwa kuongea na mgonjwa na kumfariji, zaidi ya nusu yao walisema hivyo. Yaani mzigo ukizidi, nesi hatupi sindano ya antibaiotiki, anatupa maongezi, kwa sababu sindano ina sahihi kwenye chati na maongezi hayana. Ila mgonjwa na ndugu zake hawajui kama dozi ilikuwa sahihi, wanachoweza kupima wao ni kama waliongeleshwa. Kwa hiyo sehemu ya tunachokiita kauli mbaya ni kazi iliyoachwa, na ukimwita huyo nesi kwenye kikao ukamsema hatapata dakika za ziada. Na maongezi yenyewe sio urembo, hapo ndo mgonjwa anakwambia kifua kinambana tangu alfajiri.

Hata hivyo hoja ya kuongeza watu nayo ina mashimo yake na sio haki kuyaruka. La kwanza ni kwamba hizo asilimia 7 zinaonyesha vitu viwili vinaenda pamoja tu, hospitali yenye manesi wengi huenda pia ina pesa, vifaa na madaktari wengi. La pili ni jimbo la California, Marekani. Walipitisha sheria mwaka 1999 ikaanza kufanya kazi 2004, ICU, yaani wodi ya mahututi, nesi asizidishe wagonjwa wawili, wodi za kawaida wakafikia watano, manesi kweli wakaongezeka, lakini tafiti za mwanzo zilizoangalia vidonda vya kulalia na wagonjwa kuanguka hazikuona nafuu iliyotarajiwa. Watu wa menejimenti wanaipenda sana hiyo. Mi naichukua kama onyo la kweli, kwamba namba peke yake inaweza kuongezeka na tabia za wodi zikabaki pale pale, ila siwezi kuishia hapo maana kuna Queensland, Australia. Walianza 2016 kwenye hospitali 27, nesi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na mmoja kwa saba usiku, wakazilinganisha na hospitali ambazo hazikuingizwa kwenye utaratibu, na matokeo yaliyotoka 2021 yakaonyesha hali ya vifo na ya wagonjwa kurudishwa hospitali ikiwa nzuri zaidi kule kwenye utaratibu, na pesa iliyookolewa kwa watu kulala siku chache na kutorudi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya manesi walioongezwa. Hapo ile hoja ya kwamba hatuwezi kumudu inakuwa ngumu kuitetea, ingawa naelewa kwamba anayelipa mshahara leo sio yeye anayeiona hiyo pesa iliyookolewa mwakani, na bajeti za serikali nyingi ndo zinavyokwama.

Halafu tukisema uhaba tuseme vizuri uhaba wa nini. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2025 lilihesabu manesi milioni 29.8 duniani kwa mwaka 2023 na upungufu wa milioni 5.8. Lakini kwenye nchi nyingi zenye kipato kidogo kuna vijana wamemaliza vyuo, wana leseni mkononi, wako nyumbani hawana kazi, na hospitali iliyo karibu nao nesi mmoja anabeba wodi mbili. Huo ni uhaba wa ajira, watu wapo. Ukijibu kwa kufungua vyuo vingine unazalisha wasio na kazi au unawafundishia nchi nyingine manesi.

Njia ya mkato inayotumika ni kuweka wahudumu wenye mafunzo mafupi, au kuwaachia ndugu. Kuhusu wahudumu msimamo wangu uko wazi, wakiongezwa juu ya manesi waliopo wanasaidia sana, wakiwekwa badala ya manesi ni hatari, na tafiti za Ulaya zilishaonyesha hospitali zenye sehemu ndogo ya manesi waliosomea zina vifo zaidi. Kuhusu ndugu ni ngumu zaidi. Sehemu nyingi za dunia ndugu ndo anayeosha, anayelisha, anayegeuza mgonjwa, na ukimwondoa leo wodi itasimama, tena wagonjwa wengi wanapenda kuoshwa na mtoto wao kuliko na mgeni. Ila huyu ndugu hajafundishwa na mtu. Anamlisha uji mgonjwa wa kiharusi akiwa amelala chali, uji unapitia njia ya hewa, baada ya siku mbili ni nimonia na hakuna anayejua ilitoka wapi. Dakika kumi za kumwonyesha namna ya kumkalisha na kuangalia kama anameza zingezuia hilo. Kibaya zaidi ndugu anaficha ukubwa wa tatizo, kazi zinaonekana zimefanyika na mgonjwa asiye na ndugu ndo anaoza mgongo.

Tuje kwenye kuonewa, na hapa ndo naachana na wenzangu wanaosema kila kitu ni mzigo wa kazi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa nchi nne, Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria, watafiti wakakaa leba wanaangalia kwa macho yao. Kati ya wanawake 2,016 waliofuatiliwa, 838 walifanyiwa ukatili wa mwili, wa maneno, unyanyapaa au ubaguzi. Hiyo ni asilimia 41 na zaidi. Lakini kitu kilichonikaa ni kwamba waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wenye umri mdogo na wenye elimu ndogo. Fikiria hapo vizuri. Uchovu hauna macho, kama ni uchovu tu ungemwangukia yeyote anayelala kitanda cha jirani, mke wa mkurugenzi na binti wa miaka 17 sawa sawa. Ukichagua wa kumpiga kofi maana yake bado una nguvu ya kuchagua. Kwa hiyo hata ukileta manesi mara mbili, huyo binti ataendelea kutukanwa na watu wawili badala ya mmoja. Kinachofanya kazi pale ni dharau ya kitabaka, na imani ya zamani leba kwamba usipomkaripia mama hatasukuma, imani ambayo manesi wengi waliikuta kazini wakiwa wanafunzi, wakaiona inafanywa na wakubwa zao, na huko shuleni wao wenyewe walifundishwa kwa kufokewa. Simtetei mtu hapo. Kofi ni kofi na anayepiga mgonjwa au kudai hela ili amhudumie anatakiwa kuchukuliwa hatua, bila kuhamishiwa kimya kimya wodi nyingine.

Tatizo la upande wa nidhamu ni kwamba wakishapata hiyo fimbo wanaichapia kila kitu. Nesi aliyechanganya dozi saa kumi usiku anatendewa kama aliyepiga kofi, matokeo yake makosa yanafichwa, na kosa likifichwa litarudiwa na mwingine kwa sababu zile chupa mbili zinazofanana bado zimekaa rafu moja. Ndugu wa mgonjwa aliyeumia wana haki ya kuambiwa ukweli na kuombwa radhi, hilo halina mjadala, lakini kumfukuza nesi na kuziacha chupa pale pale hakumlindi mgonjwa wa kesho.

Hospitali ya Stafford kule Uingereza ni mfano ambao kila upande unautumia kwa faida yake. Kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu, maji yakawekwa mahali wasipofikia, na uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis, uliotoka 2013, ukaja na mapendekezo 290. Watu wa namba wanasema uongozi ulikuwa umepunguza wafanyakazi ili kubana matumizi. Kweli. Watu wa nidhamu wanasema kulikuwa na ukatili uliozoeleka na waliojaribu kusema hawakusikilizwa. Kweli pia. Mi ninachokiona pale ni kwamba kimoja kilizaa kingine, ukiachwa pungufu muda mrefu unaanza kuona mgonjwa mchafu ni hali ya kawaida, na ukishaona ni kawaida hata wakikuletea watu wapya unawafundisha hivyo hivyo. Ndo maana namba ikichelewa sana haitoshi tena. Na serikali ilipojibu kwa kuhimiza manesi wapite kitanda kwa kitanda kila saa na kujaza fomu, watafiti waliofuatilia baadaye wakakuta utaratibu ule ulivyotekelezwa hauna uwezekano mkubwa wa kusaidia, kazi ikawa kuthibitisha kwa karatasi kwamba umepita.

Mtu anayeweza kushika matatizo yote mawili kwa pamoja ni inchaji wa wodi, yule nesi anayeisimamia, na ndo mtu anayesahaulika kuliko wote. Wodi mbili za hospitali moja, idadi ile ile, mishahara ile ile, moja wagonjwa wanageuzwa na nyingine hawageuzwi, tofauti mara nyingi ni yeye. Lakini hospitali nyingi zinampa inchaji wagonjwa wake wa kuhudumia, ratiba ya zamu, stoo, vikao, na hazimpi sauti yoyote kwenye ajira wala bajeti. Atamfundisha nani saa ngapi? Mtoeni kwenye hesabu ya wagonjwa, awe huru kuzunguka, asikie watu wanavyoongeleshwa, arekebishe pale pale kabla haijawa kesi. Kabla ya ajira mpya kufika inawezekana pia kuacha kumtuma nesi kwenda kufuata damu maabara, kusukuma machela na kutafuta mashuka, hayo ni masaa ya uuguzi yanayopotea kwenye korido. Na makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani, mgonjwa akisikia, maana yeye ndo anajua kama aligeuzwa au hakugeuzwa.

Na kwa leba kuna kitu kisichohitaji kusubiri bajeti kubwa, mama aruhusiwe kuwa na mtu wake anayemchagua muda wote wa uchungu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo kabisa, na mtu akiwa na shahidi pembeni yake ni vigumu kupigwa. Jibu linalotolewa na hospitali nyingi ni kwamba vitanda vimebanana na akina mama wengine wataonekana uchi. Ni hoja ya kweli, faragha yao ni haki vile vile, lakini dawa yake ni mapazia kati ya vitanda, na hospitali inayosema haiwezi kununua mapazia iulizwe mwaka huu imenunua nini.