Ndoa ndo inaleta hela au hela ndo inaleta ndoa?

Kuna hii kauli kila bachela ashawahi kuambiwa, oa uone mambo yatakavyonyooka, na ukiangalia data haraka haraka unaweza ukaamini kabisa. Marekani wamepima hili kwa miongo mingi na karibu kila mara wanaume wenye ndoa wanaonekana kulipwa zaidi ya wasio nayo, pengo linaanzia kama asilimia 10 na kuna waliofika mpaka 40. Ugomvi uko kwenye sababu.

Gary Becker, yule mchumi wa Chicago aliyepata Nobel 1992, maelezo yake yalikuwa mepesi tu: wawili wakigawana majukumu, mmoja akakomaa na kazi ya mshahara mwingine akabeba nyumba, basi yule wa mshahara atazalisha zaidi, maana anaenda kazini kalala vizuri, shati limenyooshwa, hawazi jioni atakula nini. Halafu 2004 ukatoka utafiti wa mapacha wa kufanana, yaani damu moja malezi yaleyale, na aliyeoa bado alimzidi mwenzie kwa karibu robo. Hapo timu "oa kwanza" wanapiga makofi.

Ila mi sijashawishika. Mapacha wanafanana sura, haina maana na bidii ni ileile, na watu hawaoani kwa bahati nasibu. Mwaka 2018 Ludwig na Brüderl, watafiti wa Ujerumani, walirudia data za Marekani wakaona wanaooa ni wale ambao mshahara wao tayari unapanda kwa kasi, ukishalihesabu hilo ile bonasi ya ndoa inayeyuka. Fikiria mwenyewe, jamaa kapata promosheni, mwaka unaofuata harusi, afu watu wanasema mke kaja na nyota!

Kwa wanawake stori inageuka, na hapa ndo penye uzito kuliko kote. Pete yenyewe haiwapandishii mshahara kama kwa wanaume, ila mtoto anaushusha. Denmark, nchi yenye likizo ya uzazi nzuri tu, mapato ya mama yanabaki chini kwa karibu asilimia 20 hata miaka mingi baada ya mtoto wa kwanza, ya baba hayatikisiki. Na sio kwamba akina mama wanalegea kazini, maana 2007 watafiti Marekani walitengeneza sivii zinazolingana, moja ikionyesha mwombaji ni mama, na huyo akapendekezewa mshahara pungufu kwa kama dola 11,000 kwa mwaka, wakati akina baba hawakukatwa kitu. Mtu hajafanya kazi hata siku moja!

Cha kuchekesha kidogo (au kusikitisha), kwenye chuo kimoja cha biashara huko huko Marekani wanawake wasio na wachumba walitaja mshahara mdogo zaidi wanaoutaka pale walipojua wanadarasa wenzao wataona majibu, wakiambiwa ni siri wanataja mkubwa. Hawataki kuonekana wana tamaa ya kazi sana, wataolewa na nani.

Kwa hiyo hoja ya Becker siitupi yote, kuna ukweli kwamba mtu akibebewa kazi za nyumbani anapata nafasi ya kupanda. Ila huo mshahara uliozidi unaingia kwa jina la mmoja, na wakiachana mwingine anarudi sokoni na sivii yenye pengo la miaka kumi.