Tatizo si nyama, ni jua
Mwandishi mmoja anasema Myahudi anayesoma ughaibuni akishapata duka la nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi, mengine yote ni mepesi. Sikubaliani naye. Nimekulia Mbale, Uganda, katika jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, iliyoanzishwa na kiongozi Semei Kakungulu mwaka 1919, na sasa nasoma London. Kwetu, jirani na ikweta, jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na mama huwasha mishumaa ya Sabato bila kuhangaika na kalenda. Sabato ni siku yetu ya kutofanya kazi, huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi usiku. Huku London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, mimi bado niko maabara! Juni nako, Sabato inaisha Jumamosi saa nne usiku imeshapita. Nyama naweza kuiacha nikala maharage na mboga wiki nzima. Lakini kumwomba mhadhiri ruhusa kila Ijumaa ya baridi kunachosha moyo. Hata hivyo siachi, maana wazee wetu walisali kwa kujificha Idi Amin alipoipiga marufuku dini yetu. Ninyi mliosoma Ulaya, Ijumaa za Desemba mlizipangaje?