Mkunga wa kunyonyesha: tumpe nafasi yake, au kazi ibaki ya wote?

Hospitali nyingi za Uingereza zina mkunga ambaye kazi yake kuu ni ulishaji wa watoto wachanga. Anapita wodini, anakaa na mama aliyeshindwa kunyonyesha, anawanoa wakunga wenzake. Je, Kigoma tunamhitaji mtu wa aina hiyo, pale hospitali ya rufaa ya Maweni kwa mfano?

Wanaopinga wana hoja nzito. Zamu ya usiku ina wakunga wachache, na mama anayevuja damu hasubiri. Ukimtoa mmoja leba ili ashughulikie matiti, pengo nani ataliziba? Tena takwimu za kitaifa za 2022 zinaonyesha asilimia 64 ya watoto wetu walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama pekee, bila mabingwa hao. Uingereza, utafiti wa 2010 ulikuta ni kama asilimia 1 tu waliofika miezi 6 hivyo. Vipimo havifanani sawasawa, lakini ujumbe unasikika.

Hata hivyo, wastani huo unawaficha wanaokwama. Chukua mama wa uzazi wa kwanza, siku ya tatu: matiti yamejaa hadi yamekuwa magumu, chuchu imepasuka, mtoto anang'ata ncha tu na kulia. Dawa yake ni ndogo. Akamue kidogo kwa mkono titi lilainike, ampakate mtoto tumbo kwa tumbo, angoje apanue kinywa, kidevu kiguse titi na sehemu kubwa ya weusi wa titi iingie mdomoni. Mkunga wa zamu anayajua haya yote. Nusu saa ya kukaa naye ndiyo hana. Jioni bibi anamkorogea mtoto uji mwembamba, kwa huruma tu, wala simlaumu.

Ila siku ya tatu huyo mama hayuko tena hospitali. Aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja hivi, na wa mwambao wa ziwa kule Uvinza keshapanda boti. Bingwa aliyeketi mjini hamuoni. Tena watoto huzaliwa usiku, na saa ya kwanza ya kunyonya haingoji ofisi ifunguliwe. Ninachokihofia zaidi ni wakunga wengine kujivua jukumu: "Msubiri dada wa kunyonyesha, yuko kesho."

Pale ambapo sina ubishi ni kwa watoto njiti. Mtoto asiyeweza kuvuta anahitaji kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, maziwa yakamuliwe na apewe kwa kikombe au mpira wa kulishia kila baada ya saa mbili tatu, usiku na mchana. Mama mwenye VVU naye asipewe maneno mawili na wahudumu wawili: anatumia dawa zake, ananyonyesha bila kuchanganya chochote kwa miezi 6, basi.

Kwa hiyo namkubali bingwa, lakini kituo chake kiwe wodi ya njiti, na saa zinazobaki awafundishe wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio wanaofika nyumbani siku ile ya tatu. Kibali cha ajira kikija cha mtu mmoja, aende leba. Kikija cha wawili, wa pili apewe kazi hii, na zahanati za mwambao ziwe na namba yake ya simu.