Sentimita Nne

Landrova yangu ni ile fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, toleo la tatu lililoanza kutengenezwa mwaka 1971, nami nililipeleka gereji likabadilishiwe springi zote nne, bushi zake (ile mipira ya kwenye ncha za springi) na shokapu ili nizeeke nalo kwa amani. Nililorudishiwa ni gari linalosimama kama mtu anayetega sikio ukutani kusikiliza ugomvi wa jirani: bega la kulia chini, la kushoto juu. Nilichukua futi kamba, nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, nikakuta upande wa kushoto umeupita wa kulia kwa sentimita nne.

"Shikamoo mzee," alisema fundi alipoiona ile futi kamba mkononi mwangu. "Hilo ni jambo la kawaida. Springi mpya ni ngumu, zitakaa zenyewe."

Zilikaa. Zilikaa wiki tatu, hivyo hivyo zilivyokuwa.

Tangu hapo kila mpita njia amekuwa fundi. Kijana wa bodaboda alishauri niongeze upepo katika matairi ya kulia. Niliongeza, nikapata gari lililoinama na linalorukaruka. Jirani yangu aliapa kwamba shokapu ni mbovu, na nilipomweleza kuwa shokapu hutuliza mrusho tu, wala si kazi yake kubeba gari lililosimama, alininunia siku mbili. Mke wangu ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa kuwa alilitazama gari, akalitazama tumbo langu, kisha akarudi jikoni bila kutamka neno.

Nilitaka kupima upya kwa haki, lakini gari lililoinama halipimwi juu ya ardhi iliyoinama, na mimi ni mkazi wa Mwanza, mji ambao mawe yalichagua viwanja kwanza na binadamu tukagawiwa masalio. Kwangu Mabatini, chungwa likikuponyoka mlangoni unalifuata kwa jirani wa chini, ukikuta hajalimenya. Nilikwenda kituo cha mafuta, nikagundua kwamba sakafu yake imepewa mteremko makusudi ili maji ya mvua yakimbilie mtaroni. Nilishuka hadi Kirumba, karibu na mwalo, nikawa nimelala chini ya gari na futi kamba yangu, mchuuzi mmoja akaniinamia kuniuliza kama nimeleta barafu ya samaki.

Hatimaye shemeji yangu alinifungulia ghala la pamba. Sikuiamini sakafu hata hiyo, nikamwita mwashi na mpira wake wa maji, ule mrefu unaoonyesha ndani. Aliujaza, akaugongagonga kwa kidole mpaka povu la mwisho likatoka, kisha yeye akashika ncha moja penye gurudumu la kushoto nami nyingine penye la kulia. Maji yalipanda, yakashuka, yakatulia kwenye alama ile ile pande zote mbili. Ghala lilikuwa sawa. Aliyeinama ni yule yule.

Nilimleta fundi pale pale ghalani. Alipolegeza nati za bushi, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, lilitoa mlio kama mlango wa zamani na kushuka pande zote, kwa sababu nati zile zilikuwa zimekazwa gari likining'inia juu ya stendi, na mpira wa bushi, ulioshikamana na chuma chake, ukabaki umesokotwa na kulisukuma gari juu. Zilipaswa kukazwa gari likiwa limebeba uzito wake. Nilipima tena, nikakuta tofauti imepungua kwa sentimita moja tu.

Ndipo tulipozifungua springi na kuzilaza sakafuni, mbili mbili. Hazikuwa pacha. Katika magari haya ya usukani wa kulia, dereva hukaa kulia na tenki la mafuta liko chini ya kiti chake, kwa hiyo kiwanda kiliipa springi ya upande huo upinde mkubwa zaidi. Fundi wangu alikuwa amezifunga kinyume, mbele na nyuma, kwa uaminifu kamili.

"Mzee, mimi nilijua springi ni springi," alisema, akiitazama kama ndala aliyoivaa mguu usio wake.

Sasa kila springi iko kwake. Likiwa tupu, gari linainuka kidogo upande wa kulia, kama lilivyokusudiwa, na nikiingia mimi linalala sawasawa. Jirani amekwisha kupita na kutangaza kwamba sasa limeinama kushoto. Kwa hiyo jana jioni nilikaa ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani, taa za nyumba zikiwaka moja moja mlimani, nikamngoja apite tena na futi kamba yake. Mke wangu aliniletea chakula huko huko, akaongeza ugali bila kuombwa, akasema ni kwa ajili ya springi.