Tuhesabu tulichopeleka Arusha, lakini tuangalie pia kile kimebaki Nairobi

Jumamosi nilikuwa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, nangoja samaki wangu, mbuta (sangara), akatwe, na jamaa mmoja tunajuana naye tangu zamani, mkulima wa mpunga huko Ahero, akaanza ile hadithi yake ya kila siku ati sisi Wakenya tumeuzwa kwa Arusha, kwenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. "Omera, hata mchele wangu unaamuliwa na watu sikuwapigia kura," akasema. Halafu akatoa wazo ambalo kusema ukweli si baya: serikali ikae chini ipige hesabu kitu kwa kitu, ni mamlaka gani tumeipatia Jumuiya ya Afrika Mashariki, yapi yanatusaidia na yapi yanatuumiza, vile Waingereza walifanya na Umoja wa Ulaya kabla watoke.

Wazo naliunga mkono. Pale nashikwa ni kwa hiyo "kabla watoke", sababu watu wengi wanadhani ile hesabu ndiyo iliwatoa.

Ilianza Julai 2012, William Hague akiwa waziri wa mambo ya nje. Kila wizara ikaulizwa, na wafanyabiashara na wakulima na wavuvi na vyama wakaleta ushahidi wao, na ilipofika Desemba 2014 kulikuwa na ripoti 32, za kodi, za kilimo, za uvuvi, mpaka ile ya watu kuhama kutafuta kazi ambayo mawaziri walivutana juu yake hadi ikachelewa. Malalamiko yalikuwepo, kilimo na uvuvi hasa, lakini kwa jumla ushahidi haukusema mamlaka yarudishwe London kwa lori. Sasa sikia hii: waziri mkuu David Cameron aliahidi kura ya maoni Januari 2013, na ripoti za kwanza zilitoka Julai 2013. Ni kama mtu anatangaza talaka halafu ndio anaita wazee waje wasikize kesi. Na zilipoisha zote 32 hakuna aliyeandika hata muhtasari mmoja wa kuziunganisha, kamati ya House of Lords, bunge lao la juu, ikalalamika juu ya hiyo Machi 2015, na Juni 2016 watu wakapiga kura ya kutoka, 52 kwa 48, kwa maneno ya kampeni yaliyobandikwa kwenye basi. Hesabu yenyewe ilikuwa imelala kabatini.

Wenye wazo kama la jamaa yangu nawaelewa. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 8, unasema wazi kwamba kwa mambo ya Jumuiya sheria zake zinapita za nchi. Ushuru wa bidhaa kutoka nje si Nairobi peke yake inaupanga tangu forodha iunganishwe 2005. Wabunge wetu 9 kwenye bunge la Jumuiya kule Arusha huchaguliwa na bunge la Nairobi, wewe na mimi hatuulizwi. Na tulianza tena na nchi tatu, sasa tuko nane, na maamuzi ya marais bado ni mpaka wote wakubaliane, hebu fikiria kamati ya harusi ya watu nane ambayo mmoja akikataa rangi ya kitambaa hakuna harusi. Hayo yote ni kweli na yanastahili kuandikwa.

Lakini kuna namba moja sisi wa hapa ziwani tungepaswa kulala nayo: 6. Asilimia 6 ya Ziwa Victoria ndiyo yetu. Uganda wana karibu 43, Tanzania 51. Sisi ndio tunajiita watu wa ziwa, tunaimba ziwa, tunakula ziwa, na tuna kipande kidogo ambacho ukitoka Dunga na injini nzuri haukai sana kabla uanze kuangalia nyuma kama askari wa Uganda wanakuja. Mbuta hajui boda. Anakua kwa maji ya kina kifupi, anaenda anapopenda, na akivuliwa akiwa bado mchanga upande wowote hasara ni ya wote. Ndiyo maana mkataba wa kuanzisha shirika la uvuvi la ziwa ulitiwa sahihi hapa hapa Kisumu, Juni 1994, makao yakaenda Jinja, Uganda, na ndiyo maana kuna ile sheria ya saizi, mbuta wa chini ya sentimita 50 hauzwi na wa juu ya 85 pia anaachwa azae. Mama aliyekuwa ananikatia samaki ana alama mbili amechora kwa kisu kwenye ukingo wa meza, moja ya 50 na moja ya 85, na samaki wangu alikuwa amepita ile ya kwanza kwa upana wa vidole viwili tu.

Sasa ondoa ushirikiano huo, hiyo meza ya pamoja ya majirani. Sema tumerudisha mamlaka yote ya uvuvi nyumbani. Tutakuwa na mamlaka kamili juu ya asilimia 6! Tutaweka sheria kali sana kwa samaki ambao wiki ijayo wako Uganda. Mwenye 51 anaweza kujaribu kuishi bila jirani, labda, lakini mwenye 6 akivunja meza amejivunjia mwenyewe, na hapo ndipo naona watu wanakosea hesabu, wanadhani kushiriki mamlaka ni kugawa ulichonacho, kumbe kwa mdogo ni njia ya kupata sauti kwa kile ambacho hukuwa nacho. Wavuvi wa Migingo, kile kisiwa cha ziwani tunachogombania na Uganda, hawateseki kwa sababu Jumuiya ina nguvu nyingi. Wanateseka kwa sababu siku ya kukamatwa Jumuiya haionekani.

Na sio Waganda tu nalaumu. Machi 2021 sisi wenyewe tulifungia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu, lori zikapanga foleni mpaka wa Busia, ile stesheni ya pamoja ya ukaguzi mpakani iliyofunguliwa kwa shangwe 2018 ikawa paking, kisha baada ya siku chache tukafungua na masharti. Arusha ilitukataza? Haikutukataza kitu. Tanzania nao Julai 2025 wakatoa amri ya kuzuia wageni wasifanye biashara ndogo ndogo, na soko la pamoja lipo tangu 2010. Ukiangalia vizuri hii Jumuiya inayosemekana imetunyang'anya kila kitu, kila nchi bado imeshika ufunguo wake mfukoni.

Mtu wa Kisumu pia anajua ya gavana wetu. Mwaka 2006, Anyang' Nyong'o na wenzake walienda mahakama ya Arusha wakisema Kenya haikuchagua wabunge wake wa Jumuiya, ilipanga majina tu. Novemba mahakama ikawazuia wale wasiapishwe, baadaye ikasema kweli huo haukuwa uchaguzi. Marais walifanya nini? Desemba 2006 walitia sahihi kubadilisha mkataba, na sasa ukitaka kushtaki una miezi miwili tu. Mwananchi alipata haki yake Arusha, nyumbani wakapunguza mlango.

Nikarudi kwa mchele, maana ndio ulimuuma jamaa. Nikamwambia ushuru wa Jumuiya kwa mchele kutoka nje ni asilimia 75, na huo ndio ungemkinga yeye na Ahero nzima. Lakini Kenya imekuwa ikiomba ruhusa mwaka baada ya mwaka itoze 35, na ruhusa inapewa, inachapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, yeyote anaweza kusoma. Kuna sababu, mchele wetu hautoshi na mtu wa Kondele hapa mjini anataka sahani ya bei nafuu, hiyo si dhambi. Ila mwenye kuamua ni nani hapo?

"Kwa hivyo hiyo 35 sio wao?"

"Ni Nairobi iliomba."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, kabla ya bajeti."

Akanyamaza. Mama akanifungia samaki kwa karatasi, jamaa akachukua simu akaanza kutafuta hilo gazeti, akaniuliza hiyo barua ya kuomba huandikwa na wizara gani na kama mkulima anaweza kuona nakala.