Malkia wa Buruburu

Baba wa mchumba wangu hakuniuliza mshahara wangu, ambao ningeutaja kwa pumzi moja na kuendelea na chai; aliniuliza kazi yangu.

Sebule ile ya Buruburu ilikuwa imejaa. Walikuwamo wazazi wake, shangazi wawili waliokalia kochi la vitambaa vya kufuma, mabinti waliokuwa wakiandaa pilau na kachumbari, pamoja na mjomba wangu, msemaji wa upande wetu, aliyekuwa ameniagiza njiani nitumie maneno machache. Nikajibu kwa maneno machache kwamba ninatunza fuko uchi katika maabara ya utafiti.

“Uchi?” akauliza shangazi mkubwa, akiweka kijiko chini.

Nikafafanua kwa adabu kwamba huyo ni mnyama mdogo wa nchi kame za Kenya, Ethiopia na Somalia, mwenye uzito wa gramu 30 hivi na ngozi ya waridi iliyokunjamana, asiye na manyoya isipokuwa vinywele vichache vya kupapasia gizani. Kwamba huchimba mahandaki kwa meno ya mbele yaliyoota nje ya midomo, hivyo hufumba kinywa nyuma ya meno hayo na udongo usimwingie. Na kwamba anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa nyumbani hafikishi hata mitano. Baba alifurahi mno. Kwao ni Mtito Andei, naye akasema kwamba hao ndio humaliza viazi vitamu chini kwa chini huku mkulima akiyasifu majani. Nikamwongezea kwamba porini hula nyama ya ndani ya kiazi na kuacha sehemu iendelee kukua, busara ambayo wezi wetu wengi hawajaifikia.

Ndipo Mama, akiwa mlangoni pa jiko, akauliza kama wanyama hao wana familia.

Nikamsimulia habari za mtafiti Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza hapa hapa Nairobi miaka ya 1960, na ambaye mwaka 1981 aliutangazia ulimwengu kwamba wanaishi kama nyuki: kundi la 70 au 80, na katika majike wote huzaa mmoja tu, malkia, ambaye ni mrefu kuliko wenzake na ambaye akimwona mfanyakazi anazembea humsukuma kwa pua mpaka arudi kazini. Wakati huo mkono wa Mama ulikuwa mgongoni mwa kitinda mimba wake, ukimsukuma akalete mchuzi. Watu wote waliutazama mkono ule. Mama naye akautazama.

“Na hao majike wengine,” akauliza taratibu shangazi mdogo, ambaye hajaolewa na ndiye aliyewalea watoto wote wa nyumba ile, “wanakula nini?”

Mtu akiulizwa na mkubwa wake hujibu. Nilisema kwamba, pamoja na mizizi, hula kinyesi cha malkia, na kwamba utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa homoni zilizomo katika kinyesi cha malkia mjamzito huwafanya wawe wepesi kuitikia vilio vya watoto wake. Shangazi alisukuma sahani yake. Mjomba alikuwa haonekani kupumua. Fuko uchi hustahimili dakika 18 bila oksijeni, lakini mjomba wangu ana pumu.

Alipopata pumzi, alijaribu kuokoa jahazi kwa kumwomba kijana wa nyumbani aunganishe simu yangu na televisheni, ili wazee wajionee kiumbe chenyewe badala ya kunisikiliza. Malkia akajaa kioo kizima, uchi, tumbo limemshuka, akipita juu ya vichwa vya wafanyakazi wake katika handaki jembamba. Shangazi mkubwa alikemea pepo. Baba alicheka mpaka miwani ikamdondokea mchuzini, kisha akamwona mkewe, akaacha.

“Na malkia akifa?” akauliza shangazi mdogo.

“Majike hupigania nafasi yake, Shangazi, wakati mwingine hata kuuana.”

“Ahaa,” akasema, akaivuta sahani yake na kujiongezea pilau.

Mahari ilipotajwa jioni ile, mbuzi walikuwa maradufu ya wale waliodokezwa kwenye simu. Mjomba alipothubutu kuuliza sababu, Mama alimjibu kwamba malkia hamtoi mfanyakazi wake kwa bei ya kawaida.