Kikombe kiko wazi, gololi haiingii

Chora kikombe kwa uangalifu, ukipe kuta, mkono na kitako, kiingize kwenye programu ya kuigiza fizikia, kisha udondoshe gololi ndani yake. Mara nyingi gololi itatua usawa wa mdomo na kubaki hapo, imekalia hewa. Macho yanaona uwazi; injini, yaani sehemu ya programu inayopiga hesabu za fizikia, inaona gogo.

Mchoraji hajakosea. Kanuni ya GJK, njia ya kupima umbali kati ya vitu viwili ili kujua kama vimegongana, iliyochapishwa na Gilbert, Johnson na Keerthi mwaka 1988 na ambayo injini nyingi zinaitegemea hadi leo, hushughulikia maumbo mbinuko tu: yale ambayo ukiunganisha nukta zozote mbili za ndani kwa mstari mnyoofu, mstari hautoki nje. Kikombe hakimo. Ndiyo maana MuJoCo, programu ya kuigiza fizikia inayotumika sana katika utafiti wa roboti, kwa kawaida hukivisha kitu gamba mbinuko kabla ya kupima mgongano, kama kitambaa kilichokazwa juu ya mdomo wa chungu.

Wapo wanaosema: achana na gamba, tumia wavu wenyewe wa pembetatu unaounda uso wa kitu. Kwa kitu kisichosogea wana haki kabisa. Ukitengeneza mchezo wa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ubao umetulia mezani na wavu unatosha. Kete zitaingia mashimoni bila shida. Kikombe kinachobebwa na mkono wa roboti ni habari nyingine. Tangu toleo la 5 la mwaka 2015, Unity, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, haikubali wavu usio mbinuko kwenye kitu kinachosukumwa na nguvu za fizikia, na naona sababu yake ni nzito. Wavu ni ngozi tupu, hauna unene. Gololi yenye kasi ya mita 6 kwa sekunde, ikipigiwa hesabu mara 60 kwa sekunde, husogea sentimita 10 kila hatua. Inaweza kuruka ukuta mzima kati ya hatua mbili, au kunaswa katikati, na injini isijue iirudishe upande gani.

Kwa hiyo mimi napenda njia ya fundi wa mapipa: vibao 16 vya mstatili vikizunguka kitako cha duara. Kila kibao ni mbinuko, kina unene, na unaweza kukinenepesha kuelekea nje bila kugusa uwazi wa ndani. Gharama ipo, tena si ndogo. Ndani hakuna tena mviringo bali pembe 16, na gololi inayozunguka humo itagutuka kwenye kila kiungo. Anayechunguza msuguano wa kitu kinachobingirika asiikubali hali hiyo.

Programu zinazogawa umbo zenyewe katika vipande mbinuko, kama V-HACD, huokoa siku nzima ya kazi, ila kipande kimoja kikivimba kidogo kuelekea ndani, mdomo wa kikombe unakuwa mwembamba. CoACD, programu nyingine ya aina hiyo ya mwaka 2022, ilitengenezwa kwa kuujali uwazi wa namna hiyo, na matokeo bado yafaa kukaguliwa kwa jicho.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni gridi ya umbali, ambayo injini ya fizikia ya PhysX 5 inayo: kila nukta huhifadhi umbali wake hadi kwenye uso, pamoja na alama ya ndani au nje. Kwa kikombe cha sentimita 10, gridi yenye chembe 256 kila upande hutoa chembe za milimita 0.4, na hapo vibao vyangu vimeshindwa kwa ulaini. Kwa kontena la mita 12 chembe hizo zinafika karibu sentimita 5, na ukuta wa bati wa milimita 2 unapotea kati yake. Hapo mabamba sita, au matano mlango ukiwa wazi, yanashinda kwa urahisi na kwa uhakika.

Mpira wa tenisi nao ni mtupu, lakini hauhitaji lolote kati ya haya, kwa kuwa hakuna kinachoingia ndani yake. Tufe la kawaida linatosha. Cha kubadilisha ni inesha tu, yaani ugumu wa kitu kuzungushwa, kutoka 2/5 ya tungamo mara kipeo cha pili cha nusu kipenyo hadi 2/3. Ukisahau, mpira utateremka mlima kama jiwe, ilhali tufe lenye ganda jembamba hutumia takriban asilimia 9 zaidi ya muda.